Ukikimbia Kelele Inakufa

Nianze na kelele yenyewe, maana hayo mengine bado yananishinda kuyasimulia.

Ilikuwa inatoka kwenye gurudumu la mbele, kushoto. Tok. Tok. Tok-tok. Wala haikuwa kelele ya kutisha. Ilikuwa kama mtu amejifungia humo ndani anagonga mlango kwa adabu, akingoja afunguliwe. Nikitoka nyumbani polepole inagonga, nikikata kona inagonga, nikiwa kwenye foleni inagonga mpaka waenda kwa miguu wananigeukia. Nikishika barabara kuu na kuongeza mwendo, inanyamaza. Nikipunguza, hii hapa tena.

Mimi ni mshonaji. Nashona sare za shule, na gari ni la kubebea majora ya vitambaa na mizigo ya sweta. Kuhusu magari najua kutia mafuta na kupiga honi, basi. Lakini wasiwasi sikuwa nao, kwa sababu nina ndugu wawili wa tumbo moja, wote mafundi magari, na gereji yao iko uani kwa mama. Mtu mwenye bahati kama hiyo aogope kelele ya nini?

Bahati hiyo ilikuwa na kasoro moja tu. Ndugu zangu walikuwa hawasemezani.

Wa kwanza ni Kaka Mkubwa, aliyenitangulia mimi. Wa mwisho ni Kitinda, kitindamimba wa mama. Mimi niko katikati, kama nyama ya mkate. Baba alipofariki aliwaachia gereji hiyo moja, na kwa muda walifanya kazi vizuri. Kisha siku moja, uani kumejaa wateja, Kaka Mkubwa akaenda kwenye gurudumu ambalo Kitinda alikuwa amemaliza kulifunga, akalikaza upya mbele ya macho ya watu, akasema kwa sauti: "Huyu hajui kukaza nati. Mikono ya kupaka wanja hii." Wateja wakacheka. Kitinda hakucheka. Aliitupa spana chini, akasema, "Basi kuanzia leo utakaza wewe."

Na kweli. Tangu siku hiyo Kitinda hakukaza tena nati ya gurudumu hata moja. Neno lake akalitunza kuliko meno yake.

Sasa watu wawili wasiosemezana wanafanyaje kazi gereji moja? Walijitungia utaratibu bila kukaa kikao. Kitinda anavua gurudumu, anabadilisha cha kubadilisha, anarudisha gurudumu, anazungusha nati kwa vidole mpaka zigote, anashusha jeki. Halafu anafunga kitambaa chekundu kwenye kioo cha pembeni cha gari. Maana yake: hapa nati ni za mkono, hazijakazwa. Kaka Mkubwa anakuja kwa wakati wake, anakaza, anabandika kile kifuniko cha plastiki kinachoziba nati, anafungua kitambaa, anakitia mfukoni. Hakuna anayemtazama mwenzake. Vitambaa vyenyewe ni makapi ya sare zangu, nawaletea gunia zima wafutie mikono, na wao wakachagua vyekundu viwe ulimi wao. Kuna mteja aliwahi kuondoka na kitambaa chake akidhani ni pambo.

Watu walicheka na mimi nilicheka nao. Mama peke yake hakuwahi kucheka.

Mama macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Mtoto wa jicho, kote kuwili. Watu anawaona kama vivuli vinavyopita nyuma ya pazia. Rangi pekee iliyokuwa bado inamfikia sawasawa ni nyekundu. Alikuwa amengoja upasuaji mpaka tukakata tamaa, na hatimaye hospitali ya mji wa pili ikampa siku: Jumamosi, afike asubuhi na mapema. Akikosa, arudi nyuma kabisa ya foleni. Kumpeleka ni mimi, kwa gari langu, kwenye ile barabara kuu yenye malori na mteremko mrefu wa darajani. Ndiyo maana nilitaka kelele ile itafutiwe dawa kabla ya Jumamosi.

Nikaanza na Kaka Mkubwa. Alikuwa chini ya lori, miguu tu nje. Niliieleza miguu yake. Akatoka, akapangusa mikono, akachukua ufunguo, akatoka na gari langu kwa mwendo wake ule ule. Kaka yangu hajui mwendo wa polepole. Angepewa gari la maiti angelikimbiza. Akarudi vumbi likiwa nyuma yake.

"Gari zima," akasema.

"Kaka, linagonga."

"Nimelikimbiza mpaka karibu lipae. Kimya. Beringi ya gurudumu ikifa inanguruma, na ukiongeza mwendo inazidi. Hii hata kukohoa haikohoi." Akanyoosha kidevu upande wa pili wa uwanja. "Na gurudumu hilo juzi kalibadilisha pedi za breki yeye. Mwambie yeye."

"Si yule pale? Mwambie mwenyewe."

Akarudi chini ya lori.

Nikaenda upande wa pili. Kitinda hakuuliza mwenzake kasema nini, ingawa alikuwa amesikia kila neno. Yeye kwenye kazi ana tabia ya paka. Akaliendesha gari mwendo wa kunyata kwenye uchochoro wa nyuma, kichwa nje ya dirisha.

"Naisikia!" akasema, uso unang'aa. "Hii ni jiwe. Tok, inazunguka, tok. Jiwe limebanwa kwenye tairi."

Akainama na bisibisi, akachokoa tairi, na kweli likatoka kokoto la ukubwa wa punje ya mahindi. Akanikabidhi kama daktari anayekabidhi jino. Nikamshukuru, nikaondoka. Sijafika hata mwisho wa uchochoro: tok. Tok-tok.

Nikarudi kinyumenyume.

"Basi ni beringi," akasema, bila aibu. "Na beringi ni idara ya mkubwa. Breki zangu hazigongi."

"Mkubwa anasema si beringi. Lione basi, Kitinda. Livue uangalie ndani."

Akanitazama kama nimemtukana. "Nikilivua, nani atakaza?"

Nilitaka kumzaba kofi. Watu wazima wawili, mmoja ana mvi za kidevuni, na mimi nakimbizwa huku na huku kama mpira wa uani. Nilimpasha yangu, nikampasha na mwingine yake kupitia chini ya lori, nikaondoka nimechemka. Kelele ikanisindikiza.

Katikati ya wiki nilimpeleka mama zahanati kupimwa damu kabla ya upasuaji. Mwanangu mdogo tulikuwa naye, amekaa mapajani kwa bibi yake kwenye kiti cha mbele, anacheza na vifungo vya blauzi. Tangu tunatoka nyumbani mama alikuwa anasikiliza. Asiyeona vizuri anasikia mpaka unachowaza.

"Hiki nini kinagonga?"

"Gurudumu, mama. Mafundi wako wanasema hakuna kitu."

Tuliposhika barabara kuu, kelele ikazama, akatikisa kichwa ameridhika. Tukapunguza kwenye kona, ikaanza tena. Akacheka kidogo.

"Umeona? Ukikimbia kelele inakufa. Kanyaga, mwanangu, kinanipigia kichwani hiki."

Nikakanyaga. Niandike tena ili masikio yangu yenyewe yasikie: nikakanyaga. Mteremko wa darajani tuliushuka kama watu waliochelewa harusi yao, mtoto anapiga makofi, mama kafumba macho anafurahia upepo, na gurudumu kimya kabisa.

Ijumaa mama alikuwa ameshafunga kibegi chake. Kilikuwa kimekaa mlangoni, gauni jipya la kulalia limekunjwa juu, kandambili pembeni. Nilikiona nikasimama. Sijui ni nini kilinipanda. Labda zile kandambili zilivyopangwa sawasawa, kama mtu asiyetaka kumsumbua yeyote. Nikaingia kwenye gari, nikalipeleka katikati kabisa ya uwanja wa gereji, nikapiga honi bila kuachia. Wateja wakaziba masikio. Dereva teksi aliyekuwa anangoja mkanda wa feni akaniuliza kama nina wazimu. Nikamwambia ndiyo.

Kichwa kikachomoza huku, kingine kule.

"Ingieni."

"Nani?" akauliza Kaka Mkubwa.

"Wote."

"Nina kazi ya mtu hapa," akasema Kitinda.

"Mama yenu anapanda gari hili kesho alfajiri. Kama nyinyi leo hamtaki kulipanda, naingia ndani sasa hivi kumwambia macho yake yasubiri, wanawe bado hawajamaliza kununa."

Wateja walikuwa wanasikiliza bila kuficha. Ndugu zangu wakaingia. Kaka Mkubwa akakaa mbele na mimi, Kitinda nyuma juu ya marundo ya sweta, goti lake limekwama kwenye siti ya kaka yake. Nikafunga milango. Ilikuwa mara ya kwanza kuwaona ndani ya chumba kimoja kidogo tangu matanga ya baba, na hewa ilikuwa nzito kama ya bohari.

Nikaanza na uchochoro, mwendo wa kunyata. Tok. Tok. Tok-tok.

"Dada," akasema Kitinda, "muulize huyo jirani yako kama masikio yake yako likizo."

Kaka Mkubwa alikuwa ameinamisha kichwa. Nilimwona akisikia kelele ile kwa mara ya kwanza, maana alipokuwa akiendesha yeye haikupata nafasi ya kugonga.

"Ongeza," akaniambia.

Tukatoka barabara kuu. Tok-tok-tok-tok, ikapanda, ikawa mvua ya mawe kwenye bati, kisha kama mtu kazima redio. Kimya.

"Sasa mwambie wa nyuma na yeye asikilize," akasema. "Polepole ipo. Ukikimbia..."

Hakumaliza. Nilisubiri Kitinda arushe jibu lake, halikuja. Nikatupa jicho kwenye kioo. Kitinda alikuwa mdomo wazi, macho yamemtoka, uso umepauka. Pembeni yangu kiganja cha Kaka Mkubwa kilikuwa kimenyooka juu ya dashibodi, vidole vimetanuka.

"Simama," akasema mmoja.

"Simama!" akasema mwingine, na sauti zikawa moja.

"Breki usiikanyage!"

"Achia mafuta tu, dada, achia, taratibu..."

"Usukani usiukate! Shika hivyo hivyo!"

"Taratibu, taratibu, acha life lenyewe..."

Lori lilikuwa nyuma yetu linapiga honi kama linafukuza ng'ombe. Gari likapunguza, kelele ikarudi, tok-tok, tok, tok, na safari hii chini yake nilihisi kitu kingine, mtikisiko mlegevu kwenye usukani. Sijui ulikuwepo tangu lini na mimi nauona ni barabara mbovu. Tukakwaruza kokoto za pembeni, tukasimama. Lori likapita, dereva akatoa matusi yote anayoyajua.

Kitinda alikuwa chini kabla sijazima injini. Akapachika bisibisi kwenye kifuniko cha plastiki, akakibandua.

Nati zikadondoka kutoka ndani yake. Tatu. Moja ikabingirika mpaka karibu na kiatu changu. Zilikuwa zinang'aa kama zimesuguliwa na mchanga, kwa jinsi zilivyokuwa zikigongana humo ndani. Gari langu gurudumu moja lina nati nne. Bolti tatu zilikuwa uchi. Ya nne nati yake ilikuwa imening'inia nchani kabisa, na Kaka Mkubwa alipoinyooshea kidole kuigusa tu, ikamwangukia kiganjani.

Gurudumu lilikuwa limekaa pale kwa heshima tu.

Mimi si fundi, lakini hata mimi nilielewa bila kuelezwa. Ukienda polepole, nati zilizofunguka zinajiviringisha ndani ya kifuniko na kugonga. Ukikimbia, mzunguko unazitupa pembeni na kuzigandisha hapo, zinanyamaza. Kaka Mkubwa alikuwa na nusu ya habari, ile ya mbio. Kitinda alikuwa na nusu ya kunyata. Fundi yeyote akizipata nusu zote mbili kwa pamoja anajua hapo hapo. Walikuwa nazo wote wawili, hatua chache tu kati ya mmoja na mwenzake, tangu mwanzo wa wiki.

"Nilimkimbiza," nikasema.

"Nani?"

"Mama. Na mtoto kwenye mapaja yake. Alisema ukikimbia kelele inakufa. Nikamkimbiza mteremko mzima."

Nilikaa chini kwenye kokoto na sketi yangu nzuri, meno yananigongana mchana wa jua kali. Kitinda alikuwa amepiga magoti hajainuka. Kaka Mkubwa alijifunika uso kwa mikono yenye grisi, na alipoishusha uso ulikuwa umebaki na mistari. Kisha akafanya jambo ambalo nilikuwa nimeshaacha kulitegemea. Akageuka, akamtazama mdogo wake usoni.

"Hukuweka kitambaa?"

"Niliweka." Sauti ya Kitinda ilikuwa nyembamba. "Naapa niliweka, kaka. Nilifunga pedi, nati nikaacha za mkono, nikaweka kitambaa kwenye kioo, nikaenda kununua mafuta ya breki. Narudi, kitambaa hakipo. Nikajua umekaza."

"Na kifuniko?"

"Kifuniko nilikikuta chini. Nikasema, ameona, kakaza nati, halafu ananiachia kifuniko nifunike mimi kama kibarua wake. Nilikasirika. Nikakipiga teke kikaingia."

Kaka Mkubwa akatikisa kichwa polepole. "Mimi nilikuwa chini ya lori. Natoka, nakuta gari la dada lina kifuniko, kitambaa hakuna. Nikasema basi leo umeamua kukaza mwenyewe."

"Ungeniuliza."

"Na wewe ungeniuliza."

Magari yalipita mawili matatu. Upepo wake ulipeperusha shati la Kitinda.

"Sasa kitambaa alichukua nani?" akauliza, na wote wawili wakanigeukia mimi.

"Msinitazame mimi!" nikapiga kelele, na hapo ndipo machozi yalipotoka.

Waliinua gari kwa jeki pale pale. Nyuzi za bolti zilikuwa zimelika, matundu ya rimu yamepanuka, lakini walizichambua nati zile mpaka wakapata za kushika kiasi cha kutufikisha nyumbani, wakaazima na moja moja kutoka magurudumu mengine. Walifanya kazi wanaulizana: nipe hiyo, shika hapa, nati inauma nyuzi? Inauma. Maneno ya kawaida kabisa. Mimi niliyasikiliza kama mgonjwa anayesikia watu wa nyumbani kwao nje ya wodi. Tukarudi kwa mwendo wa konokono, dirisha wazi, hakuna aliyethubutu kuvuta pumzi kwa nguvu.

Mama alikuwa jikoni anaipua sufuria ya chai. Tuliingia watatu kwa mkupuo, akageuza uso kwenye vivuli vyetu, akatabasamu, maana siku nyingi hatujaingia hivyo. Sufuria aliishika kwa vishikio viwili vinene vya kushona kwa mkono, tabaka juu ya tabaka, sindano imepita pasipo mpangilio kama ya mtu asiyeona.

Vyekundu.

Niliwahi kumshonea mama nguo za sikukuu, nikamshonea na mapazia. Kitambaa changu nakijua hata kikiwa kwenye giza.

"Mama," akasema Kaka Mkubwa, taratibu sana, "hivyo umevitoa wapi?"

Hakuficha. Aliweka sufuria, akabaki navyo mkononi.

"Kwenye magari yenu. Kila nikitoka kuanika nguo nakiona. Mengine yote yamenipotea, sura zenu zimenipotea, lakini hicho kinaniwakia. Nilichoka kukitazama. Nikasema nikikiondoa, mmoja atamuuliza mwenzake: kitambaa kiko wapi? Ni neno dogo tu nililokuwa nataka." Akavikunjakunja. "Cha kwanza nilichukua kwenye gari la dada yenu. Nikangoja. Hakuuliza mtu. Nikachukua na kingine jana. Nikangoja tena."

"Cha jana cha lori," Kitinda akanong'ona. "Niliona hakipo na nati bado ni za mkono, nikadhani ni upepo, nikaweka kingine."

"Kumbe," akasema mama.

Hakuna aliyetaka kumweleza. Tulisimama pale tunasukumana kwa macho. Mwishowe Kitinda akapiga magoti, akamshika mikono na vile vishikio vyake, akamwambia yote: kitambaa kilikuwa na maana gani, nati ngapi zilibaki, kelele ilikuwa nini, na kwa nini ilikuwa inakufa ukikimbia.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatafuta kiti kwa mkono, hakukipata, Kaka Mkubwa akamsogezea.

"Mjukuu wangu nilikuwa nimempakata," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na mimi ndiye niliyesema kanyaga."

Nilimwambia hapana, nilimwambia aliyekanyaga ni mimi, nikamwambia sijui nini na nini. Hakuwa ananisikia. Macho yale yenye ukungu yaliganda kwenye mlango kama kuna kitu kimeingia nyuma yetu. Chai ikapoa kwenye sufuria. Nimeishi na mama miaka yangu yote na sijawahi kumwona ameogopa, mpaka siku hiyo.

"Mlikuwa tayari kuniua," akasema mwishoni, bila ukali, kama mtu anayejisomea kitu kipya, "kuliko kuulizana."

Kaka Mkubwa alitoka nje. Nikadhani amekimbia. Nikamfuata, nikamkuta ameshapandisha gari langu juu ya jeki, anavua gurudumu. Kitinda akanipita mlangoni akaenda kumshikia. Walifanya kazi alasiri nzima: bolti mpya, rimu wakabadilisha, beringi wakaizungusha wote wawili kwa zamu wakiwa wametega masikio. Magurudumu yote manne wakayafungua. Wateja wakaambiwa warudi kesho kutwa, wakakataa kuondoka. Sidhani kama kuna aliyekumbuka gari lake. Dereva teksi alikuwa ameketi juu ya tairi bovu, shingo imerefuka.

Ilipofika zamu ya kukaza, Kaka Mkubwa alichukua ile spana, akaipima mkononi, akamnyooshea mdogo wake.

"Kaza."

Kitinda akaitazama. Hakuipokea upesi. Kisha akainama, akakaza nati kwa kukingamanisha, ya juu, ya chini, ya kulia, ya kushoto, mishipa ya shingo imemsimama, gurudumu hadi gurudumu. Akasimama, jasho linamchuruzika, akamrudishia spana.

"Angalia."

"Nimekwambia kaza. Niangalie nini?"

"Angalia, kaka. Mama anapanda."

Kaka Mkubwa akaangalia. Alizunguka gari lote na kuzijaribu moja moja kwa uzito wa mwili wake mzima, na uwanja wote ulikuwa kimya, tunakisikiliza kile chuma. Hakuna iliyosogea. Alipomaliza ya mwisho akainuka, akawageukia wateja, sauti yake ile ile ya siku ile.

"Zimekaza," akasema. "Sana."

Kitinda aligeuka upande wa ukuta, akajifanya anatafuta kitu.

Tuliondoka alfajiri, wote wanne. Sikuwaomba wasindikize, niliwakuta wameshakaa. Mama mbele na kibegi mapajani, wao nyuma, mabega yamebanana. Nilitoka polepole uchochoroni, dirisha wazi, na sisi wote tunasikiliza. Hakuna kitu. Matairi tu kwenye changarawe. Tukashika barabara kuu, nikaongeza kidogo, na gari likaingia kwenye kile kimya nilichokuwa nakipenda. Jasho jembamba likanitoka mgongoni. Mbele yetu mteremko wa darajani ukaanza kuonekana.

"Mbona kimya?" akauliza mama, na mkono wake ulikuwa umeushika mlango kwa nguvu. "Kimya hiki mimi sikitaki. Semeni."

Nyuma, wale wawili wakasukumana kwa viwiko.

"Ile beringi ya kulia," akaanza Kaka Mkubwa, "mimi bado siiamini."

"Beringi ya kulia haina kitu, kaka."

"Haina kitu? Wewe umeisikia vizuri?"

"Nimeisikia kuliko wewe, maana wewe..."

Wakaendelea hivyo, mmoja akipanda mwingine akishuka, beringi, bushi, tairi lipi limekula upande, nani alifundishwa nini na baba. Mama alilegeza mkono kwenye mlango. Kabla hatujafika darajani alikuwa amesinzia, kichwa kimeegemea dirishani. Mimi niliushuka mteremko kwa gia ndogo, mikono yote miwili kwenye usukani, na kila waliponyamaza ili wavute pumzi, nilingoja mmoja wao aseme tena.